Goti la Velt Broadnax

Toledo, Ohio
Ijumaa, 9 Mei 2025

Baba,

Salamu zako na za Mama. Nimefika tangu jana mchana, na simu nilipiga, lakini wewe ndiye uliyenizoesha kwamba simu ni ya kusema nimefika na barua ni ya kusema nimefikaje. Basi nimekaa hapa na karatasi za hoteli nikuambie nimefikaje.

Baba, sijui nianzie wapi. Uwanja wa mazoezi wa klabu uko ndani ya nyumba. Ndani, Baba! Ukichukua kanisa letu, ukachukua na shule na duka la Bwana Suggs, ukaviweka vyote chini ya lile paa, bado watu watapata nafasi ya kucheza mpira wetu wa Kimarekani. Niliposimama katikati nikatazama juu, nilisahau nimetumwa nini huko. Na watu wa humo! Mimi ambaye nyumbani napita milango kwa ubavu, ambaye Mama ananishonea mashati kwa kitambaa cha mapazia, hapa nikisimama na walinzi wenzangu wa safu ya mbele naonekana nimekuja na mzazi. Yule mkongwe tuliyekuwa tukimtazama kwenye televisheni kila Jumapili alinishikia mlango, akasema, "Pita, bwana mdogo, usije ukaota mizizi hapo." Nilipita. Sikukumbuka hata kumshukuru.

Halafu kuna kabati langu. Lina kibao cha shaba kimeandikwa BROADNAX. Nililigusa jina letu kwa kidole, herufi moja moja, mpaka kijana wa kabati la pili akaniuliza, "Vipi, unaogopa litafutika?"

Tuliochaguliwa na klabu mwaka huu, katika raundi saba za kugawana wachezaji wa vyuo, ni saba. Kusaini kunafanyika katika chumba kidogo chenye meza, na juu ya meza hakuna kitu ila karatasi na kalamu. Leo ametangulia Tobias Leavitt, yule wa raundi ya kwanza, jitu la Nebraska. Tuliruhusiwa kutazama. Kuna mama mmoja, Bi Halloran, ndiye mwenye mikataba yote. Anaweka kidole kwenye karatasi na kusema, "Hapa. Na hapa. Na hapa." Basi. Kwetu sisi wapya hakuna cha kubishania, maana malipo ya kila nafasi yalishapangwa, kilichobaki ni saini tu. Lakini Tobias, mwenye mkono ambao ungeweza kukunja mlango wa gari, aliandika jina lake polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza, Bi Halloran akampa ile kalamu iwe yake. Ndiyo desturi yao. Tobias akaiangalia kalamu, akalia mbele yetu sote, wala hakuna aliyecheka.

Zamu yangu ni Jumatatu.

Kabla ya hapo kuna vipimo vya afya. Nimejaza fomu ya kurasa kumi na moja. Walipouliza habari za afya ya familia, niliandika kwa fahari yote: baba yangu, Roosevelt Broadnax, alichaguliwa na klabu hii hii mwaka 1998, raundi ya saba, akaja hapa hapa, akakwama kwenye vipimo kwa sababu goti lake la kulia lilikuwa bovu kwa asili. Daktari Ferrante wa klabu aliisoma, akainua miwani, akaniambia nisubiri kidogo. Nadhani naye aliguswa. Nilimwambia nimekuja kumaliza kazi ambayo goti lilikunyima.

Mwanao,
Kendrell


Pine Chapel, Alabama
Jumatano, 14 Mei 2025

Kwa Mheshimiwa Kendrell Broadnax, mwenye kabati la shaba,

Barua yako nilijipelekea mwenyewe leo. Nina visanduku vya barua mia nne na kumi na viwili kwenye njia yangu ya posta, na chetu ni cha tatu kutoka mwisho, lakini sikuweza kungoja. Niliifungua kwenye kisanduku cha kwanza na kila niliposimamisha gari nilisoma mistari miwili. Mzee Tarpley kapata magazeti ya jirani yake na jirani kapata dawa za Mzee Tarpley. Lawama zote ni zako.

Mji umepata wazimu. Otis Crenshaw amelipiga rangi duka lake lote la kunyolea. Lile gazeti langu la zamani amelisogeza ukutani, lile lenye kichwa cha habari kwamba goti limemnyima ligi Velt, yaani mimi, ameacha nafasi kando yake, anasubiri picha yako ukiwa na kalamu mkononi. Mama yako ameoka mkate wa matunda ya pichi, akaupeleka kanisani, akarudi na sahani tupu na maombi ya mingine sita. Jumapili Mchungaji Lattimore alikuombea wewe, kisha akaliombea goti langu kama kawaida, na Dada Odessa Pruitt akanipaka yale mafuta yake. Nilikuwa nanuka karafuu mpaka Jumanne.

Sasa hili la fomu. Mwanangu, ni nani aliyekutuma kuandika historia ya ukoo? Wale wanakupima wewe. Wanataka kujua kama unaona, kama unasikia na kama moyo unapiga. Habari za goti la mtu mwingine, la miaka ishirini na saba iliyopita, zinawahusu nini? Usilitaje tena. Wakikuuliza, sema mzee mwenyewe hakumbuki vizuri.

Ulisaini Jumatatu? Simu yako ilikuwa fupi na mama yako aliishika yeye, akaniambia tu kwamba unasema "bado kidogo". Bado kidogo ni nini?

Kula mboga. Wakikushikia mlango, shukuru.

Baba yako,
R. Broadnax


Toledo, Ohio
Jumanne, 20 Mei 2025

Baba,

Sijasaini.

Sikutaka kumwambia Mama kwenye simu. Wenzangu wote sita wameshasaini. Kila mmoja ana kalamu yake, na Tobias anaitembeza yake nyuma ya sikio kama fundi seremala. Mimi nafanya nao mazoezi kwa karatasi ya muda tu, na jioni wakienda kununua viatu mimi naenda kupigwa picha za goti.

Mambo yalivyo ni hivi. Kifupa cha mbele ya goti langu la kulia, pia ya goti, kina vipande viwili. Nimezaliwa nacho hivyo, hakijawahi kuniuma hata siku moja. Daktari Ferrante anasema watu kama wawili katika mia wanazaliwa hivyo na wengi wanazeeka bila kujua. Anasema isingekuwa ile fomu, angeiandika kwa mstari mmoja na kufunga faili. Lakini baba mtu alikataliwa na klabu hii kwa goti hilo hilo la kulia, bovu kwa asili, na kijana naye ana kitu kwenye goti hilo hilo. Anasema hapo hawezi kufumba macho. Anataka kumbukumbu za vipimo vyako alinganishe. Na zao hazipo, maana makaratasi ya miaka hiyo yaliloa maji ghala lilipofurika.

Bi Halloran amenionyesha mkataba wangu. Baba, ni mzito, una kurasa nyingi kuliko nilivyofikiri, na jina langu limeandikwa mara nyingi kama vile walitaka kuwa na uhakika ni mimi. Lakini ukurasa wa mwisho umeongezwa sentensi moja: klabu haitahusika na jeraha lolote la goti la kulia. Nikiumia hapo, nimekwisha, narudi nyumbani na asante. Wakala wangu anasema nisitie saini kitu hicho. Klabu inasema ipate kumbukumbu zako, au sentensi ibaki.

Kwa hiyo nakuomba, Baba. Hospitali gani ilikutibu uliporudi? Una karatasi yoyote, hata moja?

Kingine cha kuchekesha. Kuna mzee anaitwa Bwana Wendell, ndiye anayetunza jezi na helmeti, yuko hapa tangu akiwa kijana. Nilimwambia mimi ni mtoto wa Velt Broadnax wa mwaka tisini na nane. Alifikiri sana, akasema, "Broadnax? Namba sabini na tatu? Huyo hakuja, mwanangu. Jezi tulimshonea, ikakaa, ikakaa. Hakuja." Nikamwambia hapana, alikuja, alipimwa, akakataliwa. Akaendelea kukunja taulo. Mzee wa watu umri umeanza kumchanganya.

Mwanao,
Kendrell


Pine Chapel, Alabama
Jumatatu, 26 Mei 2025

Kendrell,

Karatasi hazipo. Zahanati iliyonitazama ilifungwa zamani, na daktari wake alihamia Florida akafia huko.

Waambie wakutazame mguu wako, waache wangu. Mwambie huyo daktari kwamba nilikuwa na uzito mwingi na viatu vibaya. Mwambie niliteleza mtoni. Mwambie lolote.

Na huyo mzee wa taulo usimsikilize.

Leo posta imefungwa kwa sikukuu ya mashujaa na mama yako ananidai nikamkatie majani makaburini, lakini amesema nikae nipumzishe mguu, atayakata mwenyewe.

Baba


Toledo, Ohio
Jumatatu, 2 Juni 2025

Baba,

Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikageuza karatasi kuangalia nyuma.

Nimekukera, naona. Sikutaka kukukumbusha machungu. Mimi nimelelewa na goti lako, Baba. Nilijua kukuletea kiti kabla sijajua kusoma. Nilijua kwamba mvua ikikaribia goti huuma, na nisikuulize kitu. Kila nilipochoka mazoezini nilijiambia, mzee alifika mpaka mlangoni pa ligi, mwili ukamwangusha. Wewe mwili wako ni mzima, unalalamikia nini?

Sasa sina hakika kama ni mzima. Nikwambie ukweli, tangu wiki iliyopita goti limeanza kuniuma. Daktari anasema haoni sababu. Kwenye picha hakuna kilichobadilika. Lakini nikiinama kwenye mstari nalisikia, na nikisimama nalisikia, na Alhamisi kocha alisimamisha mazoezi akaniuliza, "Broadnax, kwa nini unachechemea?" Sikujua kama nachechemea. Walinionyesha kwenye video. Baba, ni mwendo wako kabisa, ule wa kuburuta kidogo na kuinua bega.

Nimeamua. Bi Halloran amenipa mpaka Ijumaa ya tarehe ishirini. Nitasaini hivyo hivyo, na sentensi yao iwemo. Afadhali nusu ya mkataba kuliko kurudi nyumbani na ukuta wa Otis ukiwa na nafasi tupu. Ila nakuuliza jambo moja, kwa sababu wewe tu ndiye unayejua. Lako lilianzaje? Lilianza hivi, kidogo kidogo, bila sababu?

Mwanao,
Kendrell


Pine Chapel, Alabama
Jumamosi, 7 Juni 2025

Mwanangu,

Usisaini. Soma kwanza. Nimeituma kwa njia ya haraka, na nimeipiga muhuri mwenyewe.

Goti langu halikuwa na kitu. Halijawahi kuwa na kitu. Bwana Wendell hajachanganyikiwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilichaguliwa karibu na mwisho wa orodha, nikiwa nimekaa barazani na nimeshakata tamaa, na mji mzima ukanipeleka barabarani kwa ngoma za bendi ya shule. Niliendesha pikapu ya babu yako, ile ya kahawia, saa kumi na nne mpaka Toledo. Nilifika asubuhi ya siku ya vipimo, mapema kuliko wote. Nikaegesha chini ya miti ile ya upande wa reli. Kama bado ipo, utaijua.

Nikawa natazama watu wakiingia. Umeniandikia ulivyolitazama paa ukasahau umetumwa nini. Nilisoma maneno hayo kwenye kisanduku cha kwanza, nikayarudia. Ndivyo ilivyokuwa kwangu, ila mimi sikufika chini ya paa. Wanaume wale walikuwa wakishuka kwenye magari yao na magari yanainuka. Walikuwa wanacheka. Mmoja alibeba mabegi mawili kwa mkono mmoja kama unavyobeba kikombe. Na lile jengo, na bendera, na jua limepiga kwenye vioo. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile maisha yangu yote, Kendrell, na mpaka leo sijakiona kingine. Nilijua mimi si wa mle. Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu, kama unavyojua umeingia kwenye nyumba isiyo yako.

Nilikaa garini kwa muda wa saa nne nzima. Mara tatu nilishika kitasa. Kisha bwana mmoja wa makamo alitoka na sanduku la helmeti, akauzuia mlango kwa mguu, akanitazama moja kwa moja. Alikuwa ananisubiri nipite. Aliniinulia kidevu, hivi, kama kusema njoo basi. Nikawasha gari.

Nililia mpaka Kentucky. Huko nilisimama kununua mafuta ya gari, na pale dukani, kando ya kaunta, kulikuwa na bandeji za mpira. Nilinunua moja. Niliifunga kwenye goti la kulia kwa sababu tu ndilo lililokuwa upande wa kiti nilichoiweka juu yake. Nilipofika Pine Chapel nilishuka nikichechemea, na babu yako akanikumbatia pale pale uani, na hakuna aliyeniuliza swali.

Nilifikiri ni kwa wiki moja. Lakini gazeti likaandika, kanisa likaanza kuomba, na mama yako, ambaye hata hakuwa mchumba wangu wakati huo, akaniletea supu. Ukishapewa supu utaanzia wapi? Miaka ikapita. Nikaomba kazi ya posta kwa sababu ni ya kukaa kwenye gari. Wewe ukazaliwa, ukaanza kuniletea kiti. Kila ulipoleta kile kiti nilitamani ardhi ipasuke.

Kwa hiyo swali lako ulilouliza, lilianzaje, jibu ndilo hilo. Lilianza kwa woga. Na lako pia ni woga, wala si ukoo. Wewe huna goti bovu, una baba mwongo. Nilivyosoma kwamba unatembea mwendo wangu, mwendo niliojitungia barabarani huko Kentucky, niliona nimekurithisha kitu ambacho hata mimi sikuzaliwa nacho.

Ndani ya bahasha kuna barua nyingine ya kumpa Daktari Ferrante, na cheti cha vipimo ambavyo posta hutupima. Mwaka juzi daktari wa posta alinipiga picha za magoti yote mawili, akaniuliza kwa mshangao ninachechemea nini. Nilimwambia ni mazoea. Jana nimekwenda zahanati wakanipa picha hizo hizo.

Mama yako nimemwambia jana, kabla ya kuandika, ili asisikie kwa mtu. Alikuwa ameshika mfuko wa unga. Aliuweka chini taratibu. Akasema, "Roosevelt, miaka ishirini na saba nabeba mifuko." Kisha akatoka nje. Leo asubuhi amerudi dukani, amenunua unga mwingine ambao hatuuhitaji, ameuacha kwenye gari na kuniambia nikaulete.

Sikuombi unisamehe wiki hii.

Baba yako


Toledo, Ohio
Alhamisi, 12 Juni 2025

Baba,

Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa mbele ya kabati langu. Nilikasirika sana, nisikufiche. Nilikumbuka kile kiti. Nilikumbuka siku ya mahafali yangu uliyokaa garini kwa sababu ngazi zilikuwa nyingi. Ngazi, Baba! Nilitoka nikakimbia kuzunguka uwanja mpaka hasira zikaniishia miguuni, na nilipokuja kusimama nikagundua nimekimbia nusu saa bila kulisikia goti.

Daktari Ferrante alisoma yako mara mbili. Aliangalia picha, akasema ni magoti mazuri kuliko ya nusu ya watu wake. Kisha akavua miwani akasema kwa miaka yote ya kazi hii amewaona wanaume wengi wakificha maumivu ili wasaini, na hajawahi kumwona aliyejitungia maumivu kwa sababu hakusaini. Alichukua kalamu, akaandika mstari mmoja kwenye faili langu, akalifunga. Bi Halloran ameifuta ile sentensi. Mkataba ni safi.

Nilikwenda kwa Bwana Wendell nikamwomba radhi. Akasema, "Pikapu ya kahawia. Namba za gari za Alabama. Nilifikiri mguu wangu utakufa ganzi nikiushikilia ule mlango." Anakumbuka, Baba. Anasema kila mwaka wanapokuja wapya huwa anatazama kwanza kwenye maegesho, kabla hajahesabu helmeti, kama kuna aliyebaki kwenye gari. Mwaka huu alinitazama mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye teksi dakika ishirini nikijifanya natafuta chenji. Hilo sikukuandikia kwenye barua ya kwanza. Niliandika tu habari za paa.

Najua basi ulichokiona. Nilikiona. Nami sikuwa na la ziada kukuzidi, ila nilijua kwamba mwenye jina langu alishawahi kuupita mlango ule kabla yangu. Niliingia kwa kufuata nyayo zako, na kumbe nyayo hazikuwepo. Nikifikiria hilo nywele zinanisimama. Uongo wako ndio ulionivusha.

Bado nina hasira kidogo. Lakini sikiliza. Nasaini Ijumaa tarehe ishirini, saa nne asubuhi. Katika chumba kile huwekwa kiti kimoja cha mtu wa nyumbani. Mama amesema kwenye simu kwamba haji, kiti ni chako. Amesema pia tarehe kumi na tisa ni sikukuu, posta imefungwa, kwa hiyo huna kisingizio.

Sitagusa kalamu mpaka uwe umekaa.

Kendrell


Toledo, Ohio
Kwenye maegesho
Ijumaa, 20 Juni 2025, saa tatu na robo asubuhi

Mwanangu,

Miti ipo. Imekuwa mikubwa, imefunika safu yote, na nimeegesha pale pale. Hii ni barua ya kwanza maishani nitakayoipeleka bila muhuri, nitakupa mkononi. Naandika kwa sababu mkono ukiwa na kalamu hauwezi kuwasha gari.

Jumapili iliyopita, siku ya akina baba, nilisimama kanisani nikasema yote. Kisha Dada Odessa Pruitt akasimama na fimbo yake akasema, "Velt Broadnax, naomba chupa zangu za mafuta. Zote." Kanisa likaanguka kwa kicheko, nami nikacheka, na katikati ya kucheka nikajikuta nalia. Otis amelishusha lile gazeti. Sasa ukuta una nafasi mbili tupu, na amesema ya pili hajui ataweka nini, itategemea leo.

Mama yako alinifungashia kuku na mkate wa pichi. Chombo ni kizito. Amenitazama nikikibeba mpaka garini, amesimama mlangoni na mikono kiunoni, na nafikiri, sina hakika, alikuwa anatabasamu.

Jengo limekuwa kubwa zaidi, Kendrell. Nilitegemea nikiliona kwa macho ya mtu mzima litapungua. Halikupungua. Jua limepiga kwenye vioo vile vile. Vijana wanapita na mabegi yao, na magari bado yanainuka wanaposhuka, na moyo wangu unafanya kile kile ulichofanya siku ile. Nilifikiri aibu ndiyo iliyonifukuza hapa. Kumbe ni uzuri wa jengo hili. Nilidhani kitu kizuri namna hii lazima kina mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Na leo mle ndani kuna mlango mdogo wa bati wenye jina letu kwa shaba, na aliyeligusa herufi moja moja ni mwanangu. Nimekaa hapa na kuku wangu mapajani.

Sasa nikuchekeshe. Niliamua kwamba leo nitatembea sawa. Nilishuka mapema, wakati hakuna mtu, nikafanya majaribio kati ya miti. Mguu umekataa. Naunyoosha, unaburuta. Nalishusha bega, linapanda. Miaka ishirini na saba nimeufundisha, sasa umehitimu na hautaki kusikia habari nyingine. Nimezunguka mti mara nne, nikarudi garini nimetoka jasho. Kwa hiyo usishangae. Utaniona naingia nikichechemea, na safari hii sidanganyi mtu.

Saa tatu na nusu. Mlango umefunguliwa. Kuna mzee mwenye mvi ametoka na sanduku la helmeti, ameuzuia kwa mguu, anatazama huku kwenye miti. Ameniona. Ameinua kidevu.

Kwa umri wake hawezi kuushikilia muda mrefu. Nashuka.

Baba